dig inasema safi, Postfix inakataa

Jumatatu asubuhi mteja wangu mmoja wa Dar kanipigia, "kaka, imeili ya saplaya wetu ya saa nne imeingia, ya saa nne na nusu imegoma, na ni mtu yuleyule". Naingia kwenye logi nakuta kweli, IP moja, mara inapita, mara Postfix, programu yetu ya seva ya imeili, inaitupia 554 (kodi ya kukataa) eti imo kwenye zen.spamhaus.org, blaklisti ya IP za spamu. Naicheki kwenye tovuti yao, wala haimo.

Kwa asiyejua, hizi blaklisti zinaulizwa kwa DNS, mfumo uleule unaotafuta IP za majina ya mtandaoni. Unageuza IP kinyumenyume, 192.0.2.25 inakuwa 25.2.0.192, unamalizia na zen.spamhaus.org, unauliza. Kama haimo unapata NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, kama imo unarudishiwa 127.0.0.2 au 127.0.0.4 au nyingine ya ukoo huo, kila moja na maana yake. Mimi nilikuwa naona tu "imekataliwa" sijali namba gani imerudi, na hapo ndipo nilipopotea, maana ule mstari wa logi mwishoni ulikuwa umeandikwa kabisa "Error: open resolver". Jibu lilikuwa 127.255.255.254! Hiyo haisemi huyu ni mtu wa spamu, inasema wewe unayeuliza umepitia rizova (seva ya kuulizia DNS) ya umma na huko hatujibu. Ila Postfix ukiiwekea reject_rbl_client zen.spamhaus.org hivihivi haichambui, namba yoyote ikirudi inakataa.

Nikafungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja rizova za kuulizwa, mistari miwili: 127.0.0.1 ambayo ni Unbound, rizova yetu wenyewe, na chini yake 8.8.8.8, rizova ya umma ya Google, niliyoiweka mwenyewe zamani iwe spea. Basi Unbound ikichelewa sekunde tano tu, mtandao ukiwa mzito, swali linahamia kwa spea. Ndo maana mara ndiyo mara hapana. Nikaifuta, nikapiga dig (amri ya kuulizia DNS) mara kumi, safi, nikalala.

Jumanne mchezo uleule. dig safi, Postfix inakataa, nikaanza kuilaumu Unbound ya watu bure. Kumbe Postfix ya Debian na Ubuntu mara nyingi inafungiwa kwenye folda yake, /var/spool/postfix, na humo ina etc/resolv.conf ya kwake, kopi ya siku ilipowashwa. dig inasoma faili jipya, smtpd, sehemu ya Postfix inayopokea imeili, inasoma la zamani lenye 8.8.8.8, na mimi siku nzima nilikuwa napima kitu ambacho Postfix haikitumii hata kidogo.

Nikairistati Postfix, kopi ikabadilika. Halafu nikaandika reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11] ili hata siku DNS ikichafuka tena, 127.255 isimfukuze mtu. Kupima: 2.0.0.127.zen.spamhaus.org lazima ijibu, 1.0.0.127 isijibu kitu.

Zile zilizokataliwa hazirudi zenyewe lakini, 554 ni kukataa kabisa, sio kama 450 ambayo seva ya mtumaji itajaribu tena baadaye. Ikabidi mteja ampigie saplaya atume invoisi upya.