Acheni kuniambia densi iko damuni

Nimelisikia tena, na safari hii kwenye mazishi. Mwalimu wangu, mama aliyewafundisha ngoma watoto wa Eastlands, Nairobi, tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia, alikuwa mbele yetu ndani ya jeneza. Msemaji akasimama kumsifu: marehemu alikuwa na bahati, akasema, maana alifundisha watoto ambao tayari densi imo damuni mwao. Watu wakapiga makofi. Mimi nami nafundisha ngoma, na maneno hayo hayo nayasikia kwa walimu wakuu, kwa wazazi, na kwa watu wa harusi wanaopiga simu Alhamisi wakitaka vijana wanane wa isukuti, ngoma ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya, Jumamosi, kwa malipo ya nauli na soda.

Tuanze na hiyo isukuti, kwa kuwa ndiyo hutolewa ushahidi kila mara. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu ziliandikwa wazi: wengi wanaoijua ni wazee wasio na warithi, haichezwi tena mara nyingi kama zamani, na fedha za kutengeneza ala na maleba hazipatikani. Sasa kama iko damuni, warithi wamekosekanaje na wajukuu wamejaa kuanzia Kakamega hadi Kangemi? Damu ipo. Waliopungua ni watu wa kufundisha, na watoto wenye nafasi ya kukaa nao.

Mwomboko je? Wakikuyu walianza kuucheza miaka ya 1940, kwa akodioni iliyotoka Ulaya na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa, wakishikana wawili wawili kama walivyowaona Wazungu wakicheza, kisha wakaufanya wao hasa. Rumba ya Kongo nayo ilikuzwa na vijana waliosikiliza sahani za santuri za Cuba, na miaka ya 1970 bendi za Kikongo zikaja nayo hapa Nairobi, baba zetu wakajifunza kuicheza wikendi baada ya wikendi. Hiyo ilikuwa damu ya nani? Watu walitazama, wakaiga, wakasahihishwa, wakarudia.

Mwaka wa 2017 Michael Wamaya, anayefundisha baleti watoto wa Kibera na Mathare, aliingia kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani. Hapo sikumsikia mtu akisema baleti iko damuni mwa mtoto wa Mathare. Wote walikubali mara moja kwamba kuna mwalimu na kuna kazi. Mbona mtoto huyo huyo akicheza ngoma ya nyumbani, mwalimu anatoweka?

Sasa bega. Hapa ndipo subira yangu huisha. Mtu akiona mabega ya mchezaji wa isukuti yanavyotetemeka, anadhani kazi iko begani. Analiinua na kulishusha kwa misuli ya shingo, na kabla wimbo haujafika nusu, shingo imekakamaa, kidevu kimetangulia mbele, pumzi imekatika. Mtikiso unaanzia kwenye nyayo. Magoti yawe laini, uzito uje mbele kidogo ya visigino, kiuno kitulie, halafu makombe ya mabega yateleze mgongoni, moja likienda mbele lingine likirudi. Shingo haina kazi yoyote hapo. Mtoto akiweza kutikisa mabega huku anaimba na maneno yasikatikekatike, amefika. Sauti ikiruka pamoja na bega, bado anatumia shingo, na makofi ya hadhira hayabadilishi hilo. Kipimo hicho alinipa mama yule na sijakutana na kilicho bora.

Na hayo ni mabega peke yake. Mapigo sita unaweza kuyagawa mara mbili au mara tatu, na mchezaji wa kweli anabeba migawanyo yote miwili kwa wakati mmoja, chini mbili, juu tatu. Hakuna anayetoka tumboni na hilo. Mama alikuwa akituanzisha kwa kutembea tu, wiki baada ya wiki, tukiimba. Hakuna hatua iliyofundishwa kabla wimbo haujakaa. Kisha alimwashiria mpiga ngoma anyamaze ghafla, sisi tuendelee kutembea katika ukimya, na ngoma irudi pale anapotaka yeye. Papo hapo alijua nani ana mapigo ndani yake na nani alikuwa akimfuata jirani. Aliyemfuata jirani hakufokewa. Alipelekwa kwenye ngoma kubwa, mkono wake ukawekwa ubavuni mwa ngoma, akaachwa hapo mpaka kifua chake kishike. Hii ni elimu. Ina utaratibu, ina mitihani, na mama yule alikuwa nayo yote kichwani baada ya kuuza mboga tangu alfajiri.

Chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani, niipitie upesi: nyonga huendeshwa na magoti, na leso iliyofungwa kiunoni humwonyesha mwalimu kila goti lililolala. Kuruka kwa Kimaasai, adumu, kulizaliwa juu ya udongo. Ukiwarusha watoto kwenye saruji ya ukumbi kila jioni utawaumiza miundi, kwa hiyo mwalimu mwenye akili hupima miruko. Hata hilo linafundishwa.

Kinachoniuma kuliko malipo ni watoto. Shule moja niliitwa kuandaa kundi la tamasha la muziki la shule, nikakuta watoto wameshachaguliwa kwa majina ya ukoo: Waluhya mbele, wengine wapige makofi nyuma. Msichana wa Kikamba mwenye sikio kuliko wote alikuwa nyuma. Mbele alisimama kijana wa Kiluhya aliyezaliwa mtaani Umoja, Nairobi, anayejua gengetone na amapiano, muziki wa vijana wa mjini, ambaye hajawahi kuhudhuria sherehe hata moja kijijini. Alikuwa akikosa mapigo, na mwalimu wa darasa akamuuliza mbele ya wenzake yeye ni Mluhya wa aina gani. Hebu fikirieni. Mtoto huyo hatarajiwi kukijua Kiidakho bila mtu wa kumsemesha, lakini ngoma anadaiwa. Mwenzake wa kabila jingine akikosea, anaambiwa ajitahidi. Yeye anaondoka akiamini ana kasoro ya kuzaliwa, na wengi wa namna yake hawarudi mazoezini.

Kuna mambo yanayonisumbua na sitayaficha. Wapo watoto wanaoshika katika alasiri moja kitu ambacho wenzao hukihangaikia muhula mzima. Nashuku kubebwa mgongoni mwa mama mzazi, kanisa lenye ngoma, nyumba yenye redio wazi kutwa, lakini nimeona pia watoto wa nyumba moja wakitofautiana kabisa, na maelezo yangu huishia hapo. Jambo la pili ni zito zaidi. Isukuti huchezwa kwenye arusi, mazishi, mtoto anapozaliwa, kwenye michezo. Watu wanazunguka, wanaingia na kutoka, mwimbishaji anaurefusha wimbo kadiri shughuli inavyotaka. Mimi naipeleka jukwaani, nyuso zote kwa waamuzi, saa ikihesabu. Naiambia nafsi yangu kwamba bila tamasha watoto hawa wasingeigusa kabisa. Kuna jioni najibu hivyo na ninatulia, na kuna jioni najiuliza kama ninawapa isukuti au umbo lake tu. Mama mwenyewe alikataa tamasha kwa miaka mingi, kisha akakubali, na hakuwahi kusema kama alijuta.

Alikuja Nairobi akiwa bibi arusi, na shangazi zake ndio waliomfundisha, kwa ukali. Alilipia ukumbi kwa pesa za sukuma wiki wazazi walipochelewa. Aliwajua watoto kwa nyayo zao. Angeweza kuketi akiwa amefumba macho na kusema nani ana kiatu kinachobana. Waliomzika walijaza barabara. Wengi walikuwa watu wazima waliopitia mikononi mwake, wa kila kabila la Eastlands, na kaburini waliimba na kukanyaga bila mtu kuwahesabia.

Programu za tamasha huandika jina la shule, jina la ngoma na jamii inakotoka. Andikeni na jina la mwalimu. Na kama shule yako inataka isukuti muhula wa pili, nipigie simu Januari. Nitakuja na mpiga ngoma wangu, naye pia analipwa.