Maji ya kisima cha nyumbani, tunayoambiana na ukweli wenyewe

Jamani tuongee kuhusu haya maji ya visima vyetu, maana huku Dar bomba likikata hata wiki hatuna wasiwasi, tunawasha pampu tunakunywa.

"Maji yetu meupe pee, hayana neno." Hii ndo naisikia kuliko zote na ndo inaniumiza. Weupe maana yake hakuna tope, basi. Vijidudu vya kipindupindu na taifodi huvioni kwa macho, maji yanaweza kung'aa kwenye glasi kumbe yamepitiwa na shimo la choo. Wanashauri kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni, sasa kiwanja chenyewe ni mita 20 kwa 20, choo chako umekikwepa, cha jirani kiko nyuma tu ya ukuta.

"Nimeweka shabu yametulia." Shabu inashusha tope, wadudu wanabaki. Ila usiiache, kwa sababu dawa ya klorini inafanya kazi vizuri maji yakiwa hayana tope, kwa hiyo yaache yatulie, mimina ya juu kwenye ndoo safi, ndo uweke Waterguard kama pakiti inavyosema, usubiri dakika 30. Na habari ya kwamba dawa hiyo inafunga uzazi siyo kweli, klorini ndo hiyohiyo inawekwa kwenye maji ya bomba miaka yote.

"Changu kirefu, kimechimbwa na mashine." Sawa, kirefu ni nafuu kweli kuliko kile kifupi cha ringi za zege, lakini maji hunywi kule chini, yanapandishwa kwenye simtanki kwanza. Mimi nilipanda kwenye tanki letu baada ya wanangu kuharisha mara mbili ndani ya mwezi, mfuniko ulikuwa na ufa, chini kuna tope laini kama uji, majani ya mwembe yameoza na mjusi amekufa anaelea. Nililia pale juu. Maji yalivyokuwa yanatoka bombani meupe kabisa usingejua.

"Kuchemsha kunamaliza kila kitu." Kunaua wadudu, na wala huhitaji kumaliza mkaa, yakishatokota kwa mapovu makubwa dakika 1 inatosha, kama unaishi mlimani juu ya mita 2,000 fanya 3. Lakini chumvi na madini ya floraidi haviondoki, tena maji yakipungua sufuriani vinazidi kukolea. Ndugu zetu wa Arusha upande wa Meru wanaelewa, meno ya kahawia ya watoto siyo uchafu wa kutopiga mswaki, ni floraidi waliyokunywa meno yakiwa bado yanajengeka. Kiwango cha juu cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko dawa yake ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, au kuchota maji ya kunywa na kupikia kwenye chanzo kingine kilichopimwa. Peleka maji maabara, floraidi huwezi kuijua kwa kuonja.

Halafu ukishachemsha usiseme umemaliza. Angalia mtoto anavyochota, kopo limetoka sakafuni, vidole vyote vinne vimezama kwenye ndoo. Nunua ndoo yenye mfuniko na koki, wafungulie hapo.