Ulinzi shirikishi sio mahakama ya mtaa

Kuna watu wanaamini kabisa ukishavaa reflekta na kushika kirungu usiku kwenye ulinzi shirikishi, yaani wakazi kulinda mtaa wao wenyewe, basi mwizi ukimdaka ni wako, umchape mpaka akome ndio umpeleke polisi ukijisikia. Hapana bana.

Sheria inamruhusu hata raia wa kawaida kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake, hiyo ni kweli, ila ukishamkamata unatakiwa umkabidhi polisi haraka, hakuna kumfungia stoo ya mwenyekiti siku mbili akisubiri "kusema ukweli". Na Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 13 imekataza kumchukulia mtu kama mkosaji kabla haijathibitika, ikakataza na mateso. Ukimpiga akafa, kesi ya mauaji ni yako, na hao waliokuwa wanakushangilia hutawaona mahakamani ng'o.

Nafikiri hii dhana ya kumchapa mwizi kwanza ni mabaki ya sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wa Usukumani na Unyamwezini miaka ya 80, waliowatuliza kweli wezi wa ng'ombe, ila na viboko vilitembea.

Kwetu usiku mmoja vijana walimkalisha chini jamaa aliyebeba tivii saa tisa, mikono kichwani, mmoja kashaokota tofali. Mzee wa doria akasema subirini kwanza, akampigia mwenye nyumba simu. Kumbe jamaa anahama usiku, anamkwepa baba mwenye nyumba anayemdai kodi!