Roboti ya kupima mionzi imeshapita, mbona utepe bado upo?

Tangu roboti zinazojiendesha zianze kutumika kupima mionzi, malalamiko yanayotufikia ni ya aina mbili zinazopingana. Wapo wanaoiona roboti ikiingia kwenye jengo wakaamini mambo yameshaharibika na sisi wa usalama wa mionzi tunaficha. Wapo wanaouliza, kama mashine imeshapita, utepe uliozungushwa kuzuia watu wasiingie bado unafanya nini? Wote wanaipa roboti kazi isiyo yake. Roboti haiondoi mionzi, na kuonekana kwake si tangazo la hatari. Inapima na kuchora ramani, ili binadamu atakayeingia baadaye ajue pa kupita na muda wa kukaa.

Kinu cha nyuklia kilipolipuka Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, mashine zilizopandishwa kwenye paa la kituo zilikwama kwenye vifusi au zikaharibiwa na mionzi yenyewe. Badala yake walipanda watu, maelfu kwa maelfu, koleo mkononi, kwa zamu za dakika chache na nyingine za sekunde tu. Kwenye ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011 roboti zilitangulia, lakini Oktoba mwaka huo ile ya Kijapani iitwayo Quince ilinaswa waya wake ndani ya jengo la kinu namba 2, ikabaki humo. Kuta nene za zege huzuia mawasiliano ya redio, na waya hunasa. Mashine isiyoweza kujitafutia njia ya kurudi hupotea pamoja na vipimo vyake.

Ndani ya jengo ishara za setilaiti hazifiki vizuri, hivyo roboti hutumia miale ya leza kupima umbali wa kuta na kujua iko wapi. Kigunduzi chake huhesabu mionzi, na kila hesabu huandikwa pamoja na mahali ilipopatikana. Vigunduzi vya fuwele husoma pia nishati ya miale ya gama, aina ya mionzi inayopenya sana, na hapo chanzo cha mionzi hutambulika: seziamu-137, metali yenye mionzi, hujulikana kwa miale ya kiloelektronivolti 662 (kipimo cha nishati).

Mnatuuliza kwa nini roboti inakwenda polepole. Mionzi hutoka bila mpangilio, kwa hiyo hesabu chache hudanganya. Kigunduzi kikihesabu mara 100, kosa la kawaida ni asilimia 10. Ili lishuke hadi asilimia 1 zinahitajika hesabu 10,000. Na chembe za alfa, aina nyingine ya mionzi, husafiri sentimita chache tu hewani, hivyo kigunduzi kisiposhushwa karibu kabisa na sakafu hakizioni. Tafadhali sana: sehemu tupu kwenye ramani ni sehemu ambayo haijapimwa. Msiiite safi.

Halafu kuna hizi ramani zinazosambazwa mitandaoni, nyekundu ikitajwa kana kwamba ni hukumu ya kifo. Nyekundu ni kiwango kinachozidi vingine kwenye ramani hiyo tu. Soma namba. Mionzi ya asili mahali pengi huwa karibu na maikrosiveti 0.1 kwa saa (siveti ni kipimo cha mionzi anayopata mtu). Ukomo unaopendekezwa kimataifa kwa mwananchi wa kawaida, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu, ni milisiveti 1, yaani maikrosiveti 1,000, kwa mwaka. Penye maikrosiveti 10 kwa saa utaufikia ukomo huo ukikaa saa 100. Anayepita haraka na anayelala hapo hawako katika hali moja.

Sasa utepe. Kwa mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, chanzo hatari kisicho na kinga huzungushiwa utepe mita 30 kila upande kabla hakijapimwa. Vipimo vikipatikana, mpaka husogezwa hadi pale kiwango kinapofika maikrosiveti 100 kwa saa. Kabla ya utepe kuondolewa, vipimo vya roboti huhakikiwa kwa kifaa cha mkononi kilichosawazishwa, afisa wa usalama wa mionzi hutia saini, na roboti yenyewe hukaguliwa magurudumu isije ikatoka na uchafu. Hatua hizi hazirukwi kwa sababu watu wamechoka kusubiri.

Wenye leseni za kutumia vyanzo vya mionzi nao wajue kuwa chanzo kikipotea, taarifa hutolewa mara moja. Januari 2023 huko Australia Magharibi, kidonge cha seziamu-137 chenye urefu wa milimita 8 kilidondoka kwenye lori na kutafutwa katika njia ya kilomita 1,400, hadi magari yenye vigunduzi yalipokipata. Faini ya juu katika sheria ya wakati huo ilikuwa dola 1,000 za nchi hiyo, na dola 50 kwa kila siku kosa likiendelea. Kwa maoni yangu, hiyo si adhabu. Mjini Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha mionzi ya tiba kilichoachwa kilifunguliwa kama chuma chakavu. Watu 4 walifariki na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi.

Kama umeshavuka utepe, usikimbilie nyumbani. Sogea mbali na chanzo, mwite afisa, ubaki hapo atakapokuelekeza. Usile, usinywe, usivute sigara, usiguse mdomo. Utapimwa nguo, viatu na mikono, pamoja na simu uliyokuwa ukirekodia.