Sieglinde Asubiri

Mwanafunzi wangu mmoja wa uimbaji, soprano (sauti ya juu ya kike) wa miaka 26, alikuja darasani na mkataba mkononi. Jumba moja la opera lilimtaka aimbe nafasi ya Sieglinde katika Die Walküre, opera ya Mjerumani Richard Wagner, na furaha yake ilikuwa haifichiki. Kabla sijausoma nilimwomba aimbe "uu" ya juu kabisa, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Ikatangulia pumzi, ndipo sauti ikafuata. Jana yake usiku alikuwa amemfanyia Sieglinde mazoezi ya saa mbili.

Pumzi hiyo inayotangulia ndiyo ninayoiogopa. Nyuzi za sauti za mwanamke ni fupi, zinakaribia urefu wa ukucha wa kidole gumba. Akishika noti ya herzi 880, zinakutana mara 880 kila sekunde. Zikivimba kidogo tu, kingo hazifungi vizuri na hewa inapenya. Ukiimba kwa nguvu hutaisikia kasoro hiyo, ila ukiimba kwa upole inajitokeza yenyewe.

Wengi hudhani Wagner huchosha koo kwa noti za juu. Nionavyo mimi, hatari kubwa iko katikati ya sauti, na Sieglinde anaimba humo muda mrefu. Nyuma yake kuna okestra iliyoandikiwa fidla 32 na horni 8, na hakuna kipaza sauti. Kule Bayreuth, Ujerumani, kwenye jumba la Wagner lililofunguliwa 1876, okestra hukaa katika shimo lililofunikwa, ikapungua makali. Majumba mengine mengi shimo liko wazi.

Mwimbaji aliyekomaa hashindani na okestra kwa nguvu. Mlio wa okestra umejaa zaidi karibu na herzi 500. Yeye huipa sauti yake mng'ao wa karibu na herzi 3000, ambako okestra imepungua, akasikika hadi viti vya nyuma. Mng'ao huo hutokana na umbo la njia ya sauti, kuanzia juu ya zoloto, na huchukua miaka kutulia. Asiyekuwa nao husukuma hewa, na zinazoumia ni zile nyuzi.

"Mwalimu, mbona Varnay alianza na miaka 23?"

Ni kweli. Tarehe 6 Desemba 1941 mwimbaji Astrid Varnay alisimama jumba la opera la Metropolitan, New York, kama Sieglinde, badala ya Lotte Lehmann aliyekuwa mgonjwa. Siku sita baadaye akaimba Brünnhilde, nafasi nzito zaidi ya opera hiyohiyo, na akadumu jukwaani miongo mingi. Namheshimu sana, lakini siwezi kumpangia binti wa watu maisha kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Nikamweleza habari za Kirsten Flagstad wa Norwe. Alianza 1913, akakaa karibu miaka 20 na operetta (opera nyepesi) na majukumu mepesi, na Isolde wake wa kwanza, katika Tristan und Isolde ya Wagner, alikuja 1932, akiwa na miaka 36. Lauritz Melchior naye alianza kama baritoni, sauti ya kiume ya kati. Alipogeuka teno, sauti ya kiume ya juu, katikati ya sauti yake palikuwa pamejengeka tayari, na Tristan alikuja kumwimba zaidi ya mara 200.

Barua ya kukataa tuliiandika pamoja. Alilia, nami nikamwacha alie. Alinyamaza siku nne, hata simu hakupokea, na siku ya tano "uu" ikatoka safi, bila pumzi mbele yake. Sasa tunamfanyia kazi Contessa, nafasi nyepesi zaidi katika opera ya Mozart, Le nozze di Figaro.