Mbwa wa huduma wa mwanajeshi mstaafu: maana yake na anavyopatikana

Mbwa wa huduma ni mbwa aliyefunzwa kazi maalumu inayomsaidia mtu mwenye ulemavu. Bila kazi hiyo, hata awe mpole kiasi gani, ni mbwa wa kufugwa nyumbani. Huko Marekani, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, ijulikanayo kama ADA, haimhesabu kuwa wa huduma mbwa anayemliwaza mtu kwa kuwa karibu naye tu.

Wengi waliopigana Iraki na Afghanistan walirudi na ulemavu usioonekana kwa macho: kiwewe cha vita. Hapo ndipo kazi ya mbwa inapoeleweka. Usiku askari anaanza kuhangaika usingizini, anarusha miguu, anahema kwa kasi. Mbwa aliyelala kando ya kitanda anainuka na kumsukuma kwa pua. Asipoamka, anampandia na kumlalia kifuani, uzito wote, mpaka azinduke. Mchana, kwenye foleni, akipewa amri moja anakaa akitazama nyuma ya bwana wake, ili askari asilazimike kugeukageuka kuona nani anakuja. Mbwa hamponyi kiwewe, wala hachukui nafasi ya daktari na dawa. Lakini mtu aliyekuwa amejifungia ndani miezi mingi anaweza tena kwenda sokoni, na hilo si dogo hata kidogo.

Si lazima mbwa huyu azaliwe kwa wafugaji maalumu. Shirika la K9s For Warriors la Florida, lililoanzishwa mwaka 2011 na Shari Duval baada ya mwanawe kurudi kutoka Iraki na kiwewe, huchukua mbwa wengi kutoka vituo vya wanyama walioachwa. Mbwa aliyekwisha kukua ana faida moja kubwa: umbo na tabia yake vinaonekana tayari, hakuna kubahatisha.

Mchujo wake ni mkali. Mkufunzi huangusha bakuli la bati sakafuni kwa makusudi. Mbwa kushtuka si kosa. Kinachotazamwa ni kama baada ya muda mfupi atarudi kulinusa bakuli, au atabaki amejikunyata pembeni. Nyonga na viwiko hupigwa eksirei, kwa sababu mbwa mwenye maumivu hawezi kubeba kazi hii. Wanaoshindwa ni wengi, na ni haki yao kutafutiwa familia ya kuwalea, si kurudishwa kizimbani.

Anayefaulu hufunzwa kwa miezi kadhaa, kwa zawadi na sifa, si kwa kipigo. Kisha askari na mbwa hujifunza pamoja. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Agosti 2021 ilikwenda mbali zaidi: iliagiza mpango wa majaribio ambapo wanajeshi wastaafu wenyewe huwafunza mbwa kama sehemu ya tiba yao.

Mbele za watu, ADA hailazimishi mbwa avae fulana wala awe na cheti. Pale ambapo kazi yake haionekani wazi, mwenye duka au hoteli anaruhusiwa maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani? Hawezi kuuliza ugonjwa wenyewe, wala kudai mbwa aonyeshe anachojua. Anaweza kuomba atolewe nje iwapo ni msumbufu na mwenyewe hamtulizi, au akijisaidia ndani.