Kitetemeshi cha kiti si sabufa

Nimelisikia tena, safari hii kwa fundi mitambo wa kwaya moja hapa Moshi ambaye kazi yake anaijua vizuri tu: "Mpiga dramu tumemfungia sabufa chini ya kiti." Hapana, ndugu yangu. Ingekuwa sabufa kweli, waumini wa viti vya mbele wangekuwa wameshahama.

Kwa kifupi, kitetemeshi ni kifaa kinachobanwa kwa bolti chini ya kiti cha mpiga dramu. Kinapokea sauti za chini kutoka kwenye mixa kupitia ampu yake (kikuza sauti), na kuzigeuza kuwa mtikisiko ambao mpigaji anauhisi makalioni na kwenye uti wa mgongo kila anapokanyaga kiki (ile ngoma kubwa ya mguu, si kiki za mastaa). Maana imeisha.

Sasa tuje kwenye sabufa. Kuchanganya kwenyewe naelewa kunatoka wapi, maana ndani vyote viwili vina koili na sumaku, na vyote vinasukumwa na ampu. Ila sabufa ina koni, na kazi ya koni ni kusukuma hewa. Kitetemeshi hakina koni. Kinachochezeshwa mle ndani ni uzito wa chuma, na kwa kuwa kifaa kimebanwa kwenye kiti, kiti nacho kinachezeshwa. Simama pembeni fundi akikipitishia kiki: utasikia kishindo hafifu, kama mtu anayegonga meza chumba cha pili. Kaa sasa. Utashtuka.

Tofauti hiyo ina gharama yake. Nguvu nyingi ya kiki ipo kati ya hezi 50 na 100 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na wimbi la hezi 50 likiwa hewani lina urefu wa karibu mita 7. Kitu kirefu hivyo hukielekezi kwa mtu mmoja. Weka sabufa nyuma ya mpiga dramu uone: besi inaingia kwenye maiki za waimbaji, mabati yanaanza kulia, na mzee wa kanisa anakuja kukuomba upunguze. Kitetemeshi kinamhudumia aliyekikalia, basi. Ndiyo maana wanaokihitaji zaidi ni wanaopiga dramu za umeme, zenye pedi za mpira zisizo na mshindo, na wanaovaa vispika vya masikioni. Hao kiki wanaisikia safi kabisa, ila mwili haupati kitu.

Wapo pia wanaosema ni mtetemo kama wa simu. Siyo. Simu ya kitochi ina kimota kinachozungusha kipande kizito upande mmoja, kwa hiyo kinatetema vilevile kila kikiwashwa. Kitetemeshi kinafuata mguu: ukikanyaga kwa nguvu kinapiga, ukigusa kinagusa. Ndiyo maana kinapewa kiki peke yake, labda na gitaa la besi, na kila kilicho juu ya hezi 100 hivi kinakatwa. Ukikimwagia wimbo mzima, mpigaji atashuka ana ganzi. Na ukiagiza ampu yake Marekani, soma mgongoni kabla hujachomeka. Kwao ni volti 120, kwetu 230.

Fundi wangu nampa haki sehemu moja. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini linaweza kupokea mtikisiko kupitia miguu ya kiti, mbao zikaanza kusukuma hewa zenyewe, na hapo spika mmeitengeneza bila kukusudia. Kateni vipande vya tairi kuukuu, viwekeni chini ya kila mguu wa kiti.

Na mpiga dramu akilalamika kwamba kiki haipo, aulizwe kwanza: haipo masikioni au haipo mwilini? Ya masikioni inamalizwa kwenye monita, yaani sauti anayorudishiwa mpigaji ajisikie. Kiti hakitamsaidia.